Kazi moja, njia tatu: namna ya kuchagua mipangilio ya ruta kwenye mtihani wa vitendo

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Ninajiandaa kwa mtihani wa vitendo wa CCIE Enterprise Infrastructure, cheti cha juu cha mitandao cha Cisco. Kinachonisumbua si kutojua amri, ni kuzijua nyingi mno. Karibu kila kazi ninaweza kuifanya kwa namna mbili au tatu. OSPF, itifaki inayozifundisha ruta njia za mtandao, niiwashe kwa amri ya `network` au kwenye kiolesura (interface) chenyewe? Ethernet niiache kama ilivyo au niigeuze point-to-point, yaani kiungo cha ruta mbili tu? Nikikutanisha itifaki mbili, nitumie tegi (alama inayobandikwa kwenye njia) au nibadilishe distance (namba ya kuaminika ya njia, iliyo ndogo ndiyo hushinda)? Kazini nimezoea kuweka kila kinachopendekezwa. Je, mtihani nao unataka hivyo?

Jibu: Njema, ndugu yangu, na hongera kwa kufika hapo ulipo. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine: hapana, mtihani hautaki kila kinachopendekezwa. Unataka kilichoandikwa kwenye maelezo ya kazi kitimie, na kisivuruge kitu kingine. Alama hutolewa kwa mipangilio inayofanya kazi na kutimiza masharti yaliyotajwa. Ulinzi wa ziada, majina mazuri na vipima muda ulivyovirekebisha kwa mazoea ya kazini havikuongezei chochote, na kila mstari wa ziada ni nafasi mpya ya kuharibu kazi uliyokwisha kuikamilisha saa mbili nyuma.

Kwa hiyo ukiwa na njia mbili mbele yako, uliza mambo mawili. Ipi inagusa vitu vichache zaidi nje ya kazi hii? Na ipi ninaweza kuithibitisha haraka, kisha kuiondoa bila kuacha masalia? Jibu likiwa lile lile kwa zote mbili, chagua unayoiandika bila kufikiri. Mtihani wenyewe ni wa saa 8: saa 3 za usanifu, ambako huna ruta ya kugusa na ukishapita swali hurudi nyuma, kisha saa 5 za kusanidi, kuendesha na kuboresha mtandao. Katika zile 3 unaulizwa kwa nini uchague hiki badala ya kile. Katika hizi 5 hakuna anayekuuliza sababu, lakini usipokuwa nayo kichwani utachagua vibaya. Ndiyo maana nakuomba, kila unapofanya mazoezi, usiandike amri ambayo huwezi kuitetea kwa sentensi moja.

Sasa OSPF, kwa sababu hapo ndipo maswali yako mawili yalipo.

Kati ya `network` na `ip ospf 1 area 0` kwenye kiolesura, mimi nachagua kiolesura, na sababu yangu ni uthibitisho. Ukiandika `network 10.0.0.0 0.255.255.255 area 0`, umewasha OSPF kwenye kila kiolesura chenye anwani inayoanza na 10, pamoja na vile utakavyoviongeza baadaye kwa kazi nyingine kabisa. Saa tatu mbele unaunda handaki (tunnel) lenye anwani ya 10.100.0.1, nalo linaingia OSPF bila wewe kulikaribisha. Amri ya kwenye kiolesura haina tabia hiyo. Pia ndiyo mtindo utakaoutumia kwenye OSPFv3, ambako amri ya `network` haipo, kwa hiyo mkono wako unazoea kitu kimoja kwa IPv4 na IPv6. Kumbuka tu kwamba amri zote mbili zikikutana kwenye ruta moja, ile ya kiolesura ndiyo inayoshinda. Hilo lina maana kubwa unapotafuta hitilafu kwenye ruta uliyokabidhiwa ikiwa na mipangilio tayari: utaona `network` inasema eneo 0, kumbe kiolesura kimeshaandikwa eneo 1.

Lakini ijue `network` vizuri pia. Maelezo yanaweza kusema usiongeze amri yoyote ya OSPF chini ya violesura. Hapo tumia anwani kamili na maski ya 0.0.0.0, kwa mfano `network 10.1.12.2 0.0.0.0 area 0`, mstari mmoja kwa kila kiolesura. Ni ndefu kidogo, lakini haiokoti kisichohusika.

EIGRP, itifaki nyingine ya njia, ina mtego wake hapa. Ukitumia mtindo wa jina (named mode), sehemu ya IPv4 inasubiri uandike `network`, lakini sehemu ya IPv6 inajiwasha yenyewe kwenye violesura vyote vyenye IPv6. Kama kazi inataka violesura viwili tu, nenda `af-interface default`, weka `shutdown`, kisha fungua vile viwili.

Kuhusu `router-id`, namba ya utambulisho wa ruta: iandike kwa mkono, siku zote, kwenye kila mchakato. Usipoiandika, OSPF inachukua anwani kubwa zaidi kati ya lupubaki (loopback, violesura vya programu tu ndani ya ruta) zilizo hai, na kama hakuna lupubaki, anwani kubwa zaidi ya kiolesura kingine kilicho hai. Maana yake ni kwamba lupubaki utakayoiongeza kwa kazi ya BGP, itifaki ya njia kati ya mitandao inayojitegemea, inaweza kubadilisha utambulisho wa ruta pale mchakato utakapoanzishwa upya, na kila ulichokijenga juu ya namba ile ya zamani kinaanguka. Nitakuonyesha mfano wake tukifika kwenye kukutanisha itifaki. Ruta mbili zikibeba namba moja, zikiwa jirani hazijengi ujirani wa OSPF kabisa. Zikiwa mbali ndani ya eneo moja ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ujirani unaonekana mzima huku njia zikitokea na kupotea. Kwenye EIGRP dalili ni ya kimya zaidi: ruta inazitupa njia za nje zilizoandikwa kwamba zimezaliwa na namba sawa na yake. Ukiona njia za ndani zimefika na za nje hazipo, anzia hapo.

Sasa aina ya mtandao wa OSPF. Ethernet kwa asili yake ni broadcast, hivyo ruta zinachagua kiongozi (DR) hata kama ziko mbili tu, na zinasubiri sekunde 40 kabla ya kufanya uchaguzi. Kugeuza kiungo cha ruta mbili kuwa point-to-point kunaondoa uchaguzi huo na kupunguza taarifa zinazotunzwa. Ni mpangilio mzuri, nami ningeuweka kazini bila kusita. Kwenye mtihani subiri uombwe. Maneno kama "kusiwe na uchaguzi wa kiongozi kwenye kiungo hiki" au "kusiwe na LSA ya aina ya 2" (tangazo analolitoa kiongozi) ndiyo ombi lenyewe, hata kama point-to-point haijatajwa kwa jina.

Ukiuweka, uweke pande zote mbili. Broadcast na point-to-point zote hutuma salamu kila sekunde 10 na kumhesabu jirani amekufa baada ya 40. Kwa hiyo upande mmoja ukibaki broadcast, ujirani utafika FULL, hatua yake ya mwisho, kama kawaida, lakini njia hazitaingia kwenye jedwali. Mtu anaangalia `show ip ospf neighbor`, anaona FULL, anaridhika na kuendelea. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uthibitisho wa OSPF hauishii kwa jirani. Unaishia kwenye `show ip route ospf`, na ping yenye chanzo cha lupubaki.

Lupubaki nayo: OSPF inaitangaza kama /32 hata ukiipa maski ya /24. Kazi ikisema majirani waione kama /24, `ip ospf network point-to-point` chini ya lupubaki hiyo inatosha.

Kwenye DMVPN, mahandaki kati ya kitovu na matawi mengi, uchaguzi huu si wa ladha tena. Handaki kwa asili ni point-to-point, na ukiiacha hivyo kwenye ruta ya kitovu yenye matawi matatu, ujirani utakuwa unapanda na kushuka bila kukoma, kwa sababu kiolesura cha namna hiyo kinatarajia jirani mmoja. Una broadcast au point-to-multipoint. Ukitumia broadcast, weka `ip ospf priority 0` kwenye matawi yote ili kitovu kiwe kiongozi peke yake. Kituo kinachofuata (next hop) kinabaki kuwa tawi husika, ndicho kinachotakiwa kwenye awamu ya 2 ya DMVPN. Point-to-multipoint haina kiongozi na njia zote zinapita kitovuni kwanza, jambo linaloifaa awamu ya 3, ambako NHRP, itifaki inayotafuta anwani halisi za matawi, ndiyo inayofungua njia ya mkato kati ya matawi. Lakini salamu zake ni kila sekunde 30 na kikomo ni 120, hivyo ukichanganya aina mbili bila kulinganisha vipima muda, ujirani hautaanza.

Nije kwenye swali lako la tegi na distance. Hili ndilo lililonifanya niandike jibu refu, kwa sababu watu wengi wanafundishwa kwamba ni dawa mbili za ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mawili.

Chukua R2 na R3, zote zimekaa mpakani, upande huu EIGRP na upande ule OSPF, na kila moja inahamisha njia kwenda na kurudi. Namba za kuaminika unazijua: EIGRP ya ndani 90, OSPF 110, EIGRP ya nje 170. Njia za kawaida za EIGRP hazina shida. R2 inazipeleka OSPF, R3 inaziona kwa 110, lakini tayari inazo zake za 90, inabaki nazo. Mtu anaweza kufanya mazoezi mwezi mzima na maabara ya namna hii bila kuona tatizo lolote.

Balaa huja pale ruta nyingine ndani ya EIGRP, tuiite R1, inapoingiza mtandao wake kwa `redistribute connected`. Sasa huo ni mtandao wa nje, na R3 inao kwa 170. R2 ikiupeleka OSPF, R3 inauona kwa 110 na kuuamini zaidi. Mambo mawili yanatokea hapo hapo. Kwanza, R3 inaanza kuizunguka dunia nzima ya OSPF kufikia mtandao uliokuwa karibu yake. Pili, kwa kuwa sasa njia hiyo imo kwenye jedwali lake kama njia ya OSPF, R3 inairudisha EIGRP, na kitanzi kimeanza.

Tegi zinatibu hilo la pili:

```
route-map EIGRP-KWENDA-OSPF deny 10
 match tag 110
route-map EIGRP-KWENDA-OSPF permit 20
 set tag 90
route-map OSPF-KWENDA-EIGRP deny 10
 match tag 90
route-map OSPF-KWENDA-EIGRP permit 20
 set tag 110
```

Weka sawasawa kwenye R2 na R3. Kilichotoka EIGRP hakirudi EIGRP, kilichotoka OSPF hakirudi OSPF. Hii ndiyo mipangilio ninayoitaka mkononi mwako hadi uiandike umefumba macho, kwa sababu haitegemei orodha ya mitandao: ukiongeza mtandao mpya kesho, ulinzi unaufuata.

Lakini tegi hazikubadilisha uamuzi wa R3. Bado inapendelea 110 kuliko 170, bado inazunguka. Kama kazi inasema tu kusiwe na kitanzi na kila mahali pafikike, umemaliza. Kama inasema ruta za mpakani zitumie njia ya moja kwa moja, ndipo distance inapoingia. Jibu la haraka ni `distance ospf external 180` kwenye R2 na R3, ili 170 ya EIGRP ishinde. Kabla ya kuliandika, angalia kama OSPF nayo ina njia zake halali za nje. Kama zipo, umeligeuza tatizo upande wa pili: sasa njia hizo zina 180, wakati nakala zake zilizopitia EIGRP zina 170, na R3 itaenda kuzitafuta EIGRP.

Katika hali hiyo lenga kwa usahihi. Chini ya OSPF, amri ya `distance` inakubali utambulisho wa ruta iliyotangaza njia. Kwenye R3 andika `distance 180 2.2.2.2 0.0.0.0 40`, ambapo 2.2.2.2 ni `router-id` ya R2, na 40 ni orodha ya ACL yenye ile mitandao ya nje ya EIGRP peke yake. Fanya kinyume chake kwenye R2. Na hapa ndipo unaona kwa nini niling'ang'ania `router-id` iandikwe kwa mkono: ikibadilika, mstari huu unabaki kwenye mipangilio ukionekana mzuri, huku haufanyi kazi yoyote.

Kuna wanaopenda njia ya tatu: kwenye R3, chini ya OSPF, `distribute-list route-map` upande wa kuingia, ikikataa tegi 90. Ni fupi na inafuta tatizo la njia ndefu pia. Tatizo lake ni kwamba R3 haitakuwa na njia mbadala kupitia OSPF pale kiungo chake cha EIGRP kitakapokatika. Maelezo yakitaja kwamba mawasiliano yaendelee kiungo kikifa, usiiguse.

Usisahau vitu vidogo vinavyokula dakika nyingi. EIGRP inapopokea njia za OSPF bila kupewa vipimo vya kuanzia, haitangazi chochote na wala hailalamiki. Weka `default-metric` mara moja, kwa mfano `1000000 10 255 1 1500`. OSPF yenyewe inatoa gharama 20 na aina ya E2 (gharama isiyoongezeka njiani) bila kuulizwa. Kwenye matoleo ya zamani ya IOS, bila neno `subnets` OSPF inachukua mitandao ya madaraja makuu tu.

BGP nitaipitia kwa haraka, kwa sababu maswali yake mengi ya "ipi" yanajibiwa na sharti lenyewe. Ndani ya AS (mtandao wa taasisi moja), jenga vikao kwa lupubaki na `update-source`. Ruta ya ndani isipokifahamu kituo kinachofuata cha nje, una hiari ya kukitangaza kiungo cha nje kwenye itifaki ya ndani au kuweka `next-hop-self` kwenye ruta ya mpakani. Nachagua ya pili, kwa kuwa haigusi OSPF niliyokwisha kuithibitisha. Kwa kikao cha nje kati ya lupubaki za ruta mbili zilizounganishwa moja kwa moja, wengi wanakimbilia `ebgp-multihop`. `disable-connected-check` inatosha, nayo inaiacha TTL, kikomo cha ruta ambazo pakiti inaweza kupita, ikiwa 1. Kazi ikisema pakiti za kikao zisiweze kusafiri zaidi ya ruta moja, unajua wanakokuelekeza.

Kwenye mahandaki ya GRE kumbuka baiti 24 zinazoongezwa: kwenye kiungo chenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1500, kinachobaki ni 1476. Ukiongeza IPsec (usimbaji wa pakiti) juu yake, `ip mtu 1400` pamoja na `ip tcp adjust-mss 1360` ni jozi salama. Ujirani wa OSPF ukikwama kwenye EXSTART, hatua iliyo kabla ya FULL, mara nyingi MTU za pande mbili hazilingani. `ip ospf mtu-ignore` itaufikisha FULL, lakini tofauti ya ukubwa inabaki na pakiti kubwa bado zinaweza kupotea. Kama hujakatazwa kugusa MTU, rekebisha MTU. Handaki likiwa linapanda na kushuka lenyewe, chunguza kama anwani ya mwisho wake inajifunzwa kupitia handaki hilo hilo. Tiba ni kuhakikisha anwani hiyo inafikika kwa itifaki ya chini peke yake, ama kwa njia tuli kama haikukatazwa.

Mazoea ya kazini yapo ambayo ningekuomba uyabebe mtihanini, na yote yanahusu kurudi nyuma salama. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi hali ya awali ya kila ruta: `copy running-config flash:awali.cfg`. Ukivuruga, `configure replace flash:awali.cfg` inakurudisha bila kuzima na kuwasha ruta. Hifadhi nakala nyingine baada ya kila sehemu kubwa kukamilika, kwa jina jipya. `no ip domain-lookup` na `logging synchronous` ziweke mwanzoni kabisa kama hakuna sharti linalozikataza, na `write memory` mara kwa mara. Lakini ile tabia nzuri ya kazini ya `passive-interface default`, iogope kwenye ruta iliyokuja na majirani tayari: inawaangusha wote kwa mpigo. Ukitakiwa kuiweka, andika kwanza kwenye karatasi violesura vyote vyenye ujirani, kisha ingiza mistari ya `no passive-interface` kwa pamoja na ile ya kwanza.

Na mazoezi yako ya wiki zijazo ningeyapanga hivi. Chukua maabara uliyokwisha kuifaulu, usitafute mpya. Jikataze amri uliyoitegemea. Ulitumia njia tuli? Ifanye bila hata moja. Ulitumia tegi? Fanya kwa orodha za mitandao, halafu ongeza mtandao mpya kwenye R1 uone nini kinavunjika. Ulitumia broadcast kwenye DMVPN? Igeuze point-to-multipoint na utazame jinsi kituo kinachofuata kinavyobadilika kwenye `show ip route`. Baada ya kila mzunguko zima kiungo kimoja, subiri, kisha piga ping kutoka kila lupubaki kwenda kila lupubaki nyingine. Ping iliyoshindwa hapo ndiyo maabara yako ya kesho yake.